Wamezichapa: zipi hizo?

SWALI: Hapa Kintinku, Manyoni, vijana wakipigana watu husema "wamezichapa". Wamechapa nini? Na "patashika nguo kuchanika" maana yake nini?

JIBU: Walichochapa ni ngumi. Kiambishi "zi" kinasimama badala ya "ngumi", jina ambalo halitajwi kwa sababu kila msikilizaji analijua. Ndiyo maana husemwa pia "wamezipiga".

"Patashika" imeungwa kwa vitenzi viwili, pata na shika: huyu kampata yule, yule kamshika huyu. "Nguo kuchanika" huongeza ukali wa picha. Leo usemi huu hutumika hata kwa mechi ngumu au uchaguzi wenye ushindani.

Aliyepigwa bila huruma, Tanzania tunasema kapata "kipigo cha mbwa mwizi". Kenya utasikia "kichapo cha mbwa". "Kutoana ngeu" ni usemi mzito zaidi, kwa kuwa ngeu ni jeraha la kichwani.

Semi hizi zinafaa kwenye masimulizi na kurasa za michezo. Ukitoa maelezo polisi au mbele ya baraza la kata, sema waziwazi: walipigana ngumi, fulani akaumia kichwani.