MAFUTA YAKIISHA HAKUNA MABISHANO!

Kijana mpendwa wa Kilimarondo, karatasi hii usiikunje kwanza. Hebu tulia kidogo usome.

Umewahi kuona ndege ndogo ikipita juu ya mikorosho? Ile ya injini moja, injini ikizimika karibu na uwanja, haidondoki hapo hapo kama jiwe. Inateleza hewani huku inashuka. Lakini sekunde ni chache! Rubani aliyefundishwa hainui pua ya ndege kwa hofu, maana mwendo ukipungua mno mabawa hayabebi tena. Anashusha pua, anatafuta mahali peupe mbele yake, anatua. Hapo hakuna nafasi ya kubishana.

Sasa sikia habari ya kweli, ya ndege kubwa.

Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ndani mlikuwa na watu 175. Vijana watatu wakaiteka nyara. Wakasema, tupeleke Australia! Rubani, Kapteni Leul Abate, akawaambia wazi kwamba mafuta hayafiki. Wakakataa! Walikuwa wamesoma katika jarida la ndegeni kwamba ndege ya aina ile huweza kuruka kwa muda wa saa 11. Kweli huweza, matangi yakijaa. Siku ile hayakujaa.

Rubani akafuata pwani kuelekea kusini, kisha akaenda upande wa visiwa vya Komoro. Injini moja ikazimika. Halafu ya pili. Alitaka kutua uwanja wa Ngazija, lakini katika purukushani na watekaji akaukosa. Akaishusha baharini karibu na ufuko. Bawa la kushoto likapiga maji, ndege ikavunjika. Wenyeji na watalii wakakimbilia kuokoa watu. Waliopona ni 50. Waliokufa ni 125, na wale vijana watatu wamo.

Tena sikia hili. Jaketi okozi unalivaa ndani ya ndege, lakini unalijaza upepo wakati wa kutoka. Wengi walijaza mapema kwa hofu. Maji yalipoingia, jaketi likawaelesha mpaka darini, wakanaswa humo humo. Kitu cha kuwaokoa kikawazuia kutoka!

Je, kijana, unajifunza nini?

Kwanza, usishike nusu ya habari ukaifanya silaha. Wale walisoma jarida, hawakusoma geji ya mafuta.

Pili, maagizo yasikilize mapema. Wakati wa hofu mtu hafikiri, anafanya alichozoea.

Tatu, anayejua akikuonya, si kwamba ni mwoga. Fundi amekwambia breki za pikipiki zimekwisha, nawe unapakia abiria wawili kutoka Nachingwea usiku, unasema "tutafika tu". Mama amekuonya juu ya kikundi fulani, unamcheka. Una tofauti gani na wale watatu? Na abiria wako wamekosa nini?

Jiulize leo: nani amekuambia ukweli nawe ukambishia? Usilale kabla hujamrudia. Mwambie, "Nimesikia." Bado una mafuta. Geuza sasa!