Kumpeleka Mzee Baharini Watamu: Hesabu Maji Kabla ya Kuhesabu Nauli

Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Maana yake ni kwamba mkazi wa Kilifi aliyefikisha miaka 70 leo aliijua bahari ile kabla haijawa na lango wala risiti. Wapo waliovua humo na baba zao. Wapo pia ambao wameishi Gede, Mida au Dabaso maisha yao yote na hawajapata hata siku moja kutazama matumbawe kupitia kioo cha boti, ilhali wageni huvuka nchi kadhaa kuja kuyaona. Somo la toleo hili ni kwa ajili yao, na kwa watoto na wajukuu wanaotaka kuwapeleka.

Nianze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulimpeleka shangazi yangu Watamu siku ya Idd pili. Tulikuwa tumejiandaa vizuri: nauli, pilau, maji ya kunywa, khanga ya kujifunika upepo. Tulifika ufuoni yapata saa tano asubuhi, tukaikuta bahari imeondoka. Boti ilikuwa imetia nanga mbali, na baina yetu nayo palikuwa na mchanga wa matuta, nyasi za baharini zinazoteleza na vidimbwi vyenye mawe. Vijana wetu walikwenda mbio. Shangazi alikwenda kwa miguu ya mtu wa miaka 74, akateleza, akajikinga kwa mkono. Kifundo kilivunjika. Siku ikaishia kwenye foleni ya picha ya eksirei.

Boti haikuwa na kosa, wala nahodha. Kosa lilikuwa la tarehe, na mwenye kujua hesabu ile alikuwa ni shangazi mwenyewe, binti wa mvuvi. Hakuna aliyemuuliza.

Hesabu ya mwezi

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takribani saa 25. Ndiyo sababu kila siku nyakati zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita 3. Siku saba baadaye huja maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Sasa weka saa. Siku za mwezi mosi, hapa kwetu, maji hujaa alfajiri yapata saa kumi na moja, na hupwa kabisa karibu na saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ambayo familia nyingi hufika ufuoni. Idd ul-Fitr huwa mwezi mosi kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua, na kila mwaka saa tano bahari huwa mbali. Idd ul-Hajj ni mwezi kumi. Ongeza siku tisa za dakika 50, upate saa saba na nusu mbele: maji yatakuwa yakijaa kuelekea saa sita mchana. Idd mbili, bahari mbili.

Kwa mzee, siku nzuri ni za maji mafu: mwezi saba hadi tisa, na tena mwezi ishirini na mbili hadi ishirini na nne. Siku hizo maji hujaa kati ya saa nne na saa sita mchana, boti husogea karibu na mchanga, mkondo huwa mpole, na hata mkichelewa nusu saa hamtakuta jangwa. Hesabu hii ni ya kukadiria, hivyo ihakikishe kwa jedwali la maji au kwa kumpigia nahodha jioni ya kuamkia safari. Swali liwe moja: mama ana magoti mabovu, je, atalowa mpaka wapi akipanda? Akijibu “kidogo tu”, mwambie aonyeshe kwa mwili: kifundo, goti au kiuno.

Manahodha wengi watakushauri uende maji yakiwa yamepwa kidogo, kwa sababu matumbawe huwa karibu na kioo. Ushauri huo ni sahihi kwa kijana. Kwa mwenye miaka 75, pono na changu wanaoonekana kwa mbali kidogo ni bora kuliko nyonga iliyovunjika.

Msimu nao una neno. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi likivuma, hasa Mei hadi Agosti, mawimbi huwa makubwa na mvua huchafua maji. Mzee asipelekwe kusini mwa msimu huo kwa kuwa tu mjukuu amepata likizo.

Langoni na ndani ya boti

Hifadhi iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukitoka barabara kuu ya Mombasa na Malindi unaingilia Gede kwenda Watamu, na lango liko kusini mwa mji, kuelekea mdomo wa hori la Mida. Kutoka Gede mzee apande tuktuk au matatu. Bodaboda si chombo cha mtu mwenye mgongo wa miaka 70, hata kama dereva ni mpwa wake. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, si kwa fedha taslimu, kwa hiyo mwenye simu alipe mapema nyumbani palipo na mtandao. Kitambulisho cha taifa cha mzee kisisahaulike, kwani bila hicho hana cha kuonyesha kwamba ni raia wala umri wake. Kabla ya kulipa, ulizeni nafuu iliyopo kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu. Ada ya boti ni jambo jingine na huelewana na nahodha. Mkubaliane kabla ya kuvua viatu.

Viatu vyenyewe visivuliwe. Mzee mwenye kisukari aweza kukanyaga tumbawe au kiumbe mwenye miiba asihisi chochote, kisha kidonda kikajulikana siku ya tatu. Avae viatu vya mpira vyenye kushika kisigino. Ndara huteleza na huelea zikienda zake.

Kupanda boti ndiyo hatua ngumu kuliko zote. Ngazi ya nyuma iwe imefungwa, injini iwe imezimwa, mtu mmoja awe juu akimshika mkono na mwingine awe chini nyuma yake. Asibebwe mgongoni na kijana asiyezoea, kwa sababu wakianguka huanguka wawili. Akishaingia, jaketi la kuokolea maisha livaliwe na lifungwe, hata kwa aliyeogelea tangu utotoni. Akae katikati au nyuma. Mbele ya boti ndiko chombo kinakopiga mawimbi, na mifupa ya mgongo iliyodhoofika kwa umri yaweza kupasuka kwa mshindo mmoja tu. Nahodha aombwe kwenda taratibu. Haya si madeko, na nahodha mzuri hatanuna.

Kuna jambo wazee wenyewe hawalisemi. Wengi hukataa kunywa maji asubuhi ya safari kwa kuogopa haja ndogo, maana botini hakuna choo, na wanaotumia dawa ya presha ya kutoa maji mwilini huiruka kabisa. Mwili wa uzeeni hauhisi kiu upesi, jua la Watamu halina huruma, na mtu huja kupata kizunguzungu pale anaposhuka. Dawa isirukwe bila ushauri. Muulize daktari au muuguzi wa zahanati siku kadhaa kabla: je, anaweza kuinywa baada ya kurudi? Safari iwe ya saa moja au saa moja na nusu, choo kiendewe kabla ya kupanda, na maji yanywewe kidogo kidogo. Anayejidunga insulini aibebe kwenye kimfuko chenye ubaridi, pamoja na kitu cha kula.

Vidonge vya kuzuia kichefuchefu cha baharini hununuliwa kama peremende, lakini vingi huleta usingizi na vyaweza kumdhuru mwenye presha ya macho au mwanamume aliyekua tezi dume hadi mkojo ukawa wa taabu. Uliza duka la dawa kwanza. Mara nyingi kutazama upeo wa macho, badala ya kuinamia kioo muda wote, husaidia vya kutosha.

Sheria za hifadhi ni zile zile kwa mkubwa na mdogo. Usikanyage matumbawe, usiokote kombe wala ganda la kauri, usiwatupie samaki mkate. Mzee aliyezoea kuokota atashangaa. Aelezwe kwa adabu, na mjukuu asiwe ndiye wa kumkaripia mbele ya wageni.

Asiyeweza boti

Wapo ambao boti si yao kabisa, na hilo si la kubishania. Kwao lipo hori la Mida, ambako kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi mahali pa kutazamia ndege. Ada yake kwa miaka mingi imesaidia karo za sekondari za watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Daraja hilo ni la kuning’inia, kwa hiyo huyumba. Mwenye kizunguzungu abaki mwanzoni chini ya kivuli, na anayevuka avuke pasiwe na mtoto anayeruka nyuma yake. Ulizeni kwanza kama mbao zote ni nzima. Nendeni maji yakianza kujaa, kwani hapo ndipo ndege wa matopeni husukumwa kuja karibu.

Shangazi alirudi Watamu mwaka uliofuata, mwezi nane, na siku aliichagua mwenyewe kwa vidole vya mkono. Boti ilisogea mpaka maji yakawa chini ya goti. Karibu na mdomo wa hori alimwomba nahodha azime injini, akaanza kutaja chewa wakubwa wa mapangoni kwa jina la zamani, tewa, na mahali ambapo babake alikuwa akitega. Nahodha, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitoa simu ili anukuu majina. Saa tano na robo shangazi alisema turudi, maji yanakaribia kugeuka. Kijana akatazama jedwali lake, akawasha injini.

Mkifika nyumbani jioni, muoshe mzee miguu kwa maji safi na sabuni, mkitazama nyayo na baina ya vidole kwa mwanga mzuri. Mkwaruzo wa tumbawe huonekana mdogo lakini hupenda kuoza. Ukiwa mwekundu, ukivimba au ukitoa usaha, mpelekeni zahanati iliyo karibu siku iyo hiyo. Na kwa dharura ya baharini au barabarani, piga 999 au 112.