Somo la Sayansi: Kupima Betri Iliyochoka

Reli ya Kaliua ilifikishwa Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi, na madini hayo ndiyo yaliyomo katika betri ya gari. Tuanze hapo.

Tuchukue betri ya volti 12 inayoendesha redio kwa dakika chache tu. Ichajiwe kwanza mahali penye hewa, mbali na moto, kisha ipumzike. Voltimita yaweza kuonyesha 12.5. Sasa tuwashe taa ya gari na kupima tena. Volti zikiporomoka upesi chini ya 10, betri imekufa: chumvi ngumu imefunika bamba zake. Kuongeza asidi hakutaifufua.

Wanafunzi waandike vipimo vyote viwili, ila wasiifungue kamwe. Asidi huunguza, na risasi ni sumu.