Chakula cha Samaki Kitokacho Jalalani

Chakula cha sato wa kufugwa mara nyingi hutiwa unga wa dagaa. Mimi naona ni hasara, maana dagaa ndio kitoweo cha watu wengi wenye kipato kidogo. Badala yake wako funza wa nzi fulani mweusi, afananaye na nyigu. Nzi huyu hafuati vyakula vyetu. Akishaota mabawa kazi yake ni kutaga tu. Funza wake hula maganda ya ndizi na makombo kwa majuma mawili hivi. Wakikaushwa, karibu 40 katika 100 ya uzito wao ni protini. Sato hutaka kama 30, basi huchanganywa na pumba. Ila makombo yaliyopigwa dawa ya wadudu yasitumiwe kamwe.