Paka anayetoka mate mengi

Baba na mama, paka hulinda unga wetu kusudi panya wasiuharibu. Lakini mate yake yakitiririka, msicheke, mchunguzeni.

Akitoka mate kidogo wakati anapopapaswa, si ugonjwa. Yakiwa mengi, sababu zaweza kuwa hizi:

1. Jino bovu, kidonda au mfupa wa samaki kinywani.

2. Sumu: amelamba dawa ya kuua wadudu.

3. Kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hushika paka pia. Paka mpole anakuwa mkali, sauti inageuka, anayumba, hawezi kumeza.

Tufanye nini? Usitie kidole kinywani mwake. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Ondoeni watoto, mfungieni chumbani bila kumshika, kisha mwiteni mganga wa wanyama.

Akimuuma au kumkwaruza mtu, ao mate yake yakiingia katika kidonda, osheni mahali pale mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika 15. Siku ileile nendeni dispanseri kuomba sindano. Msingoje kuona kama paka atakufa: dalili za ugonjwa huu zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Paka huyo akifa, msimchune wala kumla.

Mpelekeni paka kuchanjwa akifikisha miezi 3, na kurudia kama mganga anavyoagiza. Sindano ya paka mmoja inalinda watoto wa nyumba nzima.