KURATIBU: NENO MOJA LINALOWEZA KUOKOA MAMA NA MTOTO

Somo langu mwaka huu ni kuhusu neno moja tu: kuratibu. Sote tunaijua ratiba iliyobandikwa ukutani darasani. Katika ukoo huo mmoja tunapata kuratibu, yaani kupanga kazi za watu wengi ili zifuatane wala zisigongane. Mratibu, yule anayepanga. Na uratibu, kazi yenyewe.

Hebu fikirieni shule isiyo na ratiba. Walimu watatu wangeingia darasa moja saa mbili asubuhi, na darasa la pili likose hata mmoja. Walimu ni wazuri na wote wamekuja kazini, lakini wanafunzi watafeli. Hayo ndiyo yaliyotupata mtaani kwetu Kaptembwo, hapa Nakuru, na wala hayakuwa mambo ya mtihani.

Mwaka jana, mwezi wa nne, mvua ikinyesha, dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Shemeji alikuwa kazini, zamu ya usiku. Mama akasema, "Tungoje kidogo, mtoto wa kwanza huchelewa." Tukangoja. Saa tisa usiku damu ikaanza kutoka. Tulipiga simu tatu, hazikushikwa. Mwenye bodaboda tuliyempata alitaka pesa kwanza, nasi hatukuwa nazo. Tulifika hospitalini kumekucha. Dada alipona. Mtoto hakulia.

Jumamosi iliyofuata vikundi vitatu vya akina mama vilikuja kutufariji. Kila kimoja kilileta sukari, unga na leso. Sukari ilijaa jikoni mpaka tukawagawia majirani. Ndipo mweka hazina wa chama kimoja akasema, "Jamani, sisi tuna pesa za dharura. Mngetuita tu." Mama mwingine akasema gari la mumewe hulala uani kila siku, nyumba ya tano kutoka kwetu. Mama yangu hakujibu. Mimi nilikuwa nikipika chai, nikayasikia yote. Nyumba ya tano! Kumbe kila tulichohitaji kilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa amekiratibu.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mzazi hupotea kwa sababu ya vichelewesho vitatu. Cha kwanza ni kuchelewa kuamua kutafuta matibabu. Cha pili ni kuchelewa kufika. Cha tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Nilipofundishwa haya nilihesabu kwa vidole: sisi tulikutwa na viwili vya kwanza katika usiku mmoja.

Jambo hili si geni Kenya. Februari 1987, mkutano wa kimataifa kuhusu uzazi salama ulifanyika Nairobi, na shabaha ikawa kupunguza vifo vya wazazi kwa nusu ifikapo mwaka 2000. Haikufikiwa. Shabaha ya dunia sasa ni vifo visivyofika 70 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai ifikapo 2030. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilionyesha 355. Ni kweli tumepiga hatua: mwaka 2014 akina mama 61 katika kila 100 walijifungulia hospitalini au kwenye vituo vya afya, na mwaka 2022 wakawa 82. Lakini je, wale 18 waliobaki? Na wale wanaofika wakiwa wamechelewa?

Serikali imeweka mahali pa kuanzia. Mitaa na vijiji vimegawanywa katika vitengo vya afya ya jamii, kila kimoja kikiwa na watu wapatao 5,000. Wahamasishaji wa afya huzuru nyumba kwa nyumba, na kila miezi mitatu huwa na siku ya mazungumzo, ambapo wanajamii hutazama takwimu zao wenyewe. Mhamasishaji wetu aliomba vikundi vyote vialikwe siku hiyo. Mama alinipeleka niandike kumbukumbu za kikao, ati kwa sababu naandika haraka.

Niliandika hivi: vikundi vitano vimefika. Vinne hununulia wazazi sabuni na leso. Hakuna hata kimoja chenye mpango wa usafiri wa usiku. Kisha ugomvi ukazuka, kila mwenyekiti akitaka jina la kikundi chake litangulie. Mzee wa Nyumba Kumi akauliza, "Kwani mtoto akizaliwa atauliza jina la kikundi?" Watu wakacheka, kikao kikaendelea.

Tuliafikiana lengo moja linaloweza kuhesabika: kila mjamzito wa mtaa ajifungulie penye mhudumu mwenye ujuzi, na asikose usafiri. Kisha vichelewesho vikagawanywa. Akina mama wa kanisa huzungumza na waume na mama wakwe mapema, ili uamuzi wa kwenda uwe umefanywa kabla ya uchungu. Chama cha mzunguko huweka pesa za usafiri kwenye simu, na watu wawili wanaweza kuzituma saa yoyote. Wenye bodaboda na magari wana ratiba ya zamu za usiku, imebandikwa dukani. Vijana huwasaidia wazazi kujiandikisha katika SHA na hutafuta watu wa kutoa damu.

Sisemi mambo yamenyooka. Usiku mmoja aliyekuwa zamu alizima simu. Sasa kila usiku kuna wawili. Kikundi cha tano hakijarudi tena kikaoni. Lakini ratiba ipo, na mwezi uliopita jirani yetu alipelekwa saa saba usiku. Mtoto wake namsikia akilia ninapoandika haya.

Wanafunzi wenzangu, msiseme hayatuhusu. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi nchini, na Kenya huruhusu mtu kutoa damu kuanzia miaka 16, akiwa na kilo 50. Mimi nina miaka 16. Kilo zimetimia, naomba ruhusa ya mama. Wahenga walisema umoja ni nguvu. Nami naongeza: umoja bila ratiba ni msongamano mlangoni.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mtaani kwenu kuna vikundi vingapi, na kila kimoja kina nini?
2. Je, ni vingapi vinafanya kazi ile ile?
3. Usiku wa leo mama akishikwa na uchungu, nani atapigiwa simu?

Ukishindwa kujibu swali la tatu, basi anzia hapo.