Dondoo muhimu: Bajaji ikikanyaga kitu barabarani

• Usijaribu kukipitisha kitu katikati kama dereva wa gari. Gurudumu la mbele la bajaji liko katikati, nalo ndilo litakalokigonga.

• Ukiona jiwe, gogo au kipande cha tairi, punguza mwendo mapema. Usikate kona ghafla. Bajaji hupinduka upesi.

• Ukishakikanyaga, shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, funga breki polepole, kisha egesha nje ya barabara.

• Washushe abiria upande wa kushoto, mbali na magari.

• Kagua matairi, rimu, shokapu na breki. Chungulia chini kama oili inavuja. Usukani ukivuta upande mmoja, nenda kwa fundi kabla ya kupakia abiria tena.